Jojia: siku tisa bila lugha, na neno moja la bibi ambalo mpaka leo sijalielewa

Mtoto wa Pongwe:

Wakuu, habari za jioni.

Niseme mapema ili tusichanganyane: siizungumzii Georgia ya Marekani yenye Atlanta. Nasema Jojia ya milima ya Kaukazi, iliyobanwa kati ya Urusi na Uturuki, nchi ya watu milioni 3.7 hivi. Wenyewe wanaiita Sakartvelo na lugha yao ni kartuli. Mimi na mke wangu tunaishi Maskati, na kwa watu wa huku Ghuba, Jojia ni kama Lushoto kwa mtu wa Tanga: joto likizidi, unapanda huko kutafuta ubaridi. Tulikwenda Septemba, siku tisa.

Tbilisi mjini sina la kulalamika. Vijana wengi wanaongea Kiingereza, na Bolt ipo kama ilivyo Dar: unaweka unakokwenda, dereva anakufikisha, hakuna aliyefungua mdomo. Shida ya kwanza ni maandishi. Wana herufi zao wenyewe, 33, hazina kubwa wala ndogo. Ukiutazama ubao wa duka unaona kama mtu kamwaga ndoano za kuvulia. Siku ya pili nikaingia choo cha mgahawa. Mlango mmoja umeandikwa ქ, wa pili კ, hamna picha ya sketi wala suruali. Nikabahatisha. Yule mama niliyemkuta anaosha mikono hakupiga kelele, alininyooshea kidole tu mlango wa pili, uso mkavu kabisa. Baadaye naambiwa herufi zote mbili ni "k". Ya wanawake ni k ya kawaida, ya neno "kali" (mwanamke kwa lugha yao), na ya wanaume ni k inayopasuka kooni, ya neno "katsi" (mwanamume). Sasa mgeni ajue vipi?

Shida ya pili, usafiri. Tulitaka kwenda Kazbegi, mji wa milimani, na njiani tushuke Ananuri, kuna ngome ya kale kando ya bwawa. Stendi inaitwa Didube, na wallahi nilijiona niko nyumbani: vipanya vimejipanga, wapiga debe wanaita "Kazbegi, Kazbegi, Kazbegi!" Vipanya hivyo wanaviita marshrutka. Konda hakuna, nauli unampa dereva. Tukakaa nyuma tukisubiri atangaze Ananuri. Hakutangaza. Ngome tukaiona dirishani, nzuri kweli, ikapita. Mke wangu akasema "tumepita", mimi nikasema "atasimama mbele kwenye kituo". Kituo chenyewe hakipo, gari linasimama mtu akisema, na mimi sikuwa na neno la kusema. Tukaja kushushwa ngome imeshapotea nyuma ya kona. Tulirudi kwa miguu, na mke wangu hakunisemesha njia nzima, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa na vizuizi viwili vya lugha.

Sasa hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Siku tatu za mwisho tulikuwa Kakheti, mashariki, kwenye mizabibu. Ulikuwa msimu wa mavuno, wanauita rtveli. Tulifikia nyumba ya bibi mmoja, umri wa mama yangu au zaidi. Mjukuu wake ndiye aliyepanga nasi kwa simu, kisha akaenda zake mjini. Tukabaki sisi na bibi: yeye Kijojia na Kirusi, sisi Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Hata neno moja tunalolijua sote hatuna. Jioni ya kwanza akatuonyesha picha ukutani, mwanamume ana sharubu kama mkia wa farasi, akajigusa kifua akasema, "Mama. Chemi mama." Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama picha. Tukadhani kachanganya. Kumbe kwa Kijojia mama ndiye baba! Mama mzazi ni deda. Tulipomweleza kwa ishara kwamba kwetu mama ni mwanamke, alicheka mpaka akaketi chini.

Toka hapo tulielewana. Modi ni njoo, dajeki ni keti, chame ni kula. Hayo nilidaka siku moja kwa sababu aliyarudia kila dakika tano. Lakini kuna neno alikuwa akilisema kila anapotuwekea sahani, kila anapomshika mke wangu shavu, na asubuhi tunaondoka alilisema langoni mara nyingi huku machozi yanamlenga. Nililisikia kama "genachale" au "genaswale". Nilifikiri ni "karibu chakula". Kwa ujuaji wangu, nikamwambia dereva wa marshrutka neno hilohilo wakati wa kumpa nauli. Alicheka, akanishika bega, akanipa tufaha.

Kuna anayeijua lugha hiyo humu? Nilisema nini?

---

Konda Mstaafu:

Mkuu umenikumbusha Posta–Mbagala. Abiria mgeni ndiye huyo huyo dunia nzima: kakaa siti ya nyuma, kakumbatia begi, anasubiri kuitwa jina. Ungepiga hata "SHUSHA!" ya Kiswahili. Dereva yeyote mtu akipayuka nyuma anakanyaga breki kwanza, tafsiri baadaye.

---

Simu Janja:

Samahani mleta mada, sioni tatizo liko wapi. Simu ina programu ya kutafsiri, unaongea inaongea, unaelekeza kamera kwenye maandishi yanageuka. Mwaka huu wa leo mtu kuingia choo cha kike kwa kutojua herufi ni kujitakia.

---

Mtoto wa Pongwe:

Mkuu Simu Janja, kamera tuliitumia, na kwa menyu na dawa ya kikohozi ilitufaa sana. Lakini mtu anakimbilia choo, akasimame mlangoni apige picha?

Kwa bibi ndiyo ilichekesha. Kutoka Kiswahili kwenda Kijojia ilikuwa inamfanya akunje uso. Nilimwandikia habari za mke wangu, bibi akawa anauliza huyo mwanamume mwingine yuko wapi. Tukibadili tukaandika Kiingereza, sentensi fupifupi, ikawa nafuu. Na kitu kingine: ukimwekea mtu mzima simu usoni, anaongea na simu. Anainama, anapaza sauti kama anaongea na kiziwi, anasahau kama upo. Jioni ya pili tuliiweka simu kwenye chaji tukabaki na mikono. Tulimenya vitunguu saumu pamoja saa nzima, na hiyo ndiyo jioni ninayoikumbuka.

---

Ummu Salmin:

Assalamu alaykum. Mimi na dada zangu tunapanga kwenda, tupo Dubai. Swali langu ni nguruwe. Nimesikia chakula chao wanachanganya. Mtu anaulizaje bila kugombana na mpishi?

---

Daktari Mtarajiwa:

Wa alaykum salaam dada Ummu Salmin. Nasoma udaktari Tbilisi, mwaka wa nne, nimezaliwa Morogoro. Nijibu moja moja.

Nguruwe ni ghori, hiyo "gh" ni ghaini yetu kabisa, kwa hiyo mtu wa pwani ataitamka vizuri kuliko Mwingereza yeyote. Nyama ni khortsi. Sema "ghoris khortsi ar minda", yaani nyama ya nguruwe sitaki. Uwe makini zaidi na khinkali, zile donge za unga zenye nyama na mchuzi ndani: nyingi zinachanganya ng'ombe na nguruwe, lakini zipo za uyoga, jibini na viazi. Ng'ombe ni sakonlis khortsi. Lobiani ni mkate uliojazwa maharage, hauna shaka sana, ila uliza kama wameweka nyama iliyokaushwa. Kuna neno moja la dhahabu: samarkhvo, chakula cha mfungo wa Wakristo wa Orthodoksi. Ukilisema, unaletewa kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Mikahawa ya Kituruki imejaa barabara ya David Aghmashenebeli. Msikiti wa Tbilisi uko mji mkongwe karibu na mabafu ya maji moto, na humo Sunni na Shia wanaswali chini ya paa moja.

Mleta mada, la marshrutka: neno ni "gamicheret". Liseme kwa sauti mita kama mia kabla, siyo ukiwa umeshafika.

Na usiagize maji kwa kusema maji tu, unaweza kuletewa yenye gesi na chumvichumvi. Sema "ugazo", bila gesi.

---

Baharia wa Likoni:

Jamani, mimi nchi hiyo naijua kwa upande wa baharini. Meli yetu ilitia nanga Poti, halafu Batumi. Miaka mingi nimefanya kazi na mabaharia wa Ukraine na Urusi, Kirusi cha kuombea sigara ninacho. Basi Poti, mzee mmoja wa bandarini nilipomsalimia Kirusi alinikumbatia kama ndugu aliyepotea, tukapiga soga hadi giza. Nikaona, kumbe ufunguo ndio huu! Kufika Batumi nikaingia duka la simu, kijana wa miaka ishirini hivi, nikammwagia Kirusi changu. Akanitazama kama nimemtukania mamake (au babake, kama mlivyotufunza hapo juu). Akanijibu Kiingereza safi: "Naelewa, lakini siongei." Sikukosea kitu, nilisema naomba kadi ya simu tu. Sasa ndugu daktari, tushike lipi?

---

Simu Janja:

Kirusi ndiyo rahisi, walikuwa nchi moja. Watu wazima wote wanakijua. Mambo ya kisiasa waachie wanasiasa.

---

Daktari Mtarajiwa:

Mkuu, taratibu hapo. Kweli waliozaliwa kabla ya 1980 wengi wanakijua, na vijijini kitakusaidia. Lakini mwaka 2008 walipigana vita na Urusi, na mpaka sasa Abkhazia na Ossetia Kusini haziko mikononi mwa serikali ya Tbilisi. Kijana aliyekua akisikia hayo nyumbani, ukimwanza kwa Kirusi umeshamkanyaga kidole bila kujua. Halafu serikali yao mwaka 2010 ilianza mpango wa kuleta walimu wa Kiingereza kutoka nje mpaka shule za vijijini, ndiyo maana mtoto wa kijijini anaweza kukujibu wakati baba yake hawezi.

Ya lugha kwao si mzaha. Tarehe 14 Aprili 1978, enzi za Usovieti, wakubwa walitaka kuiondolea Kijojia hadhi ya lugha ya taifa kwenye katiba ya jamhuri. Wanafunzi na wananchi walijaa barabarani Tbilisi, na wakubwa wakarudi nyuma. Kila 14 Aprili wanaiadhimisha. Mimi hufanya hivi: salamu kwa Kijojia, kisha nauliza kwa Kiingereza, na mtu akianzisha Kirusi mwenyewe, hewala. Ukienda Marneuli utasikia Kiazerbaijani, Akhalkalaki ni Kiarmenia, na huko Kirusi kinapokelewa bila nongwa.

Salamu yenyewe: gamarjoba. Kwa mkubwa au kwa watu wengi ongeza t mwishoni, gamarjobat. Imetokana na neno la ushindi, kama unamwambia mtu "ushinde", naye anajibu gagimarjos. Wenye umri unawatanguliza kwa batono kama mwanamume, kalbatono kama mwanamke. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo hapati tabu hapa. Wenzangu wa darasani kutoka mataifa mengine walianza na "hello" wodini, wagonjwa wakageukia ukuta.

---

Mwalimu wa Zamani:

Vijana, nimewasoma kwa furaha. Mimi Jojia sijakanyaga, ila lugha nimefundisha maisha yangu yote na hii niliwahi kuisoma vitabuni kwa uchu tu.

Mnafikiri iko mbali na sisi. Kwa ukoo, ni mbali kweli. Kwa umbo, njooni hapa. Daktari katoa neno "gamicheret". Lile "mi" katikati ndilo "ni" yetu pamoja na "-ia" ya kutendea. Yaani siyo "simamisha", ni "nisimamishie", neno moja. Mwingereza anahitaji maneno matatu au manne. Vivyo hivyo "ninakupenda": sisi tunawatia watu wawili, mpenzi na mpendwa, ndani ya kitenzi kimoja. Wao wanasema miqvarkhar, na ndani yake wamo wote wawili. Mgonjwa wa daktari akisema "tavi mtkiva", tavi ni kichwa, na ile "m" ni "ni" ya "kinaniuma". Kichwa kinaniuma, mpangilio uleule, mtu ndiye anayetendewa na kichwa chake.

Wala hawana jinsia kwenye nafsi, kama sisi. "Anakuja" anaweza kuwa Asha au Juma. Huenda ndiyo maana simu ilimgeuza mke wa mleta mada kuwa mwanamume: inaelekea swali la bibi lilipita kwa Kiingereza, simu ikalazimika kuchagua kati ya "he" na "she", ikachagua vibaya.

Na msamiati nao. Waajemi na Waarabu walipita kwao kama walivyopita kwetu, kila mahali wakaangusha mzigo. Chai ni chai. Sukari ni shakari. Kalamu ni kalami, sanduku ni zanduki, pamba ni bamba. Neno "dukani" kwao ni baa ya zamani ya kunywea mvinyo, duka letu hilo. Tamashi ni mchezo, angalieni tamasha. Kuna pombe yao kali ya makapi ya zabibu, inaitwa chacha. Hili sidai undugu, ni sadfa tu, lakini aliyewahi kuonja wali uliochacha ataafiki kwamba jina limekaa mahali pake.

Matamshi ndiyo mlima. Sisi karibu kila silabi inafungwa kwa irabu, wao wanarundika konsonanti. Ila mji wa Mtskheta, ile M ya mwanzo tunaimudu, ni M ya mtu na mbwa. Kinachofuata baada ya M, kila mtu na Mungu wake.

---

Konda Mstaafu:

Mwalimu, "nisimamishie dereva". Kwenye daladala yangu ungesema hivyo ningekurudishia nauli.

---

Mwana Kigamboni:

Niulize jambo ambalo watu wanalipita pembeni. Nilikuwa huko wiki moja, kwenye kijiji kimoja watoto walinifuata wakisema "zangi, zangi". Nikajua tu ni matusi. Nilikasirika na sikuwa na lugha ya kuwajibu. Hicho ndicho kizuizi kilichoniuma, siyo cha menyu.

---

Daktari Mtarajiwa:

Pole sana mkuu. Nilishalisikia. Zangi ni neno lao la zamani la mtu mweusi. Kwa mzee wa kijijini mara nyingi halina sumu, ndilo alilokua nalo. Kwa mtu wa mjini leo halifai tena, wanasema shavkaniani, mwenye ngozi nyeusi. Wapo wanaolitumia kuudhi, sitadanganya, na utaijua sauti.

Ajabu yake ni hii: limetoka Kiajemi, zangi, watu wa Zanj, mzizi uleule uliozaa jina Zanzibar. Mgonjwa mmoja mzee aliniita hivyo wodini, nikamchorea ramani nyuma ya karatasi ya vipimo nikamwonyesha kisiwa chenyewe. Toka siku hiyo alikuwa akiniuliza habari za huko kila asubuhi. Siku nyingine nimechoka, sichori ramani ya mtu. Napita.

---

Ummu Salmin:

Shukran kwa maelezo ya ghori, nimeandika kwenye daftari. Na bei je? Mtu sokoni anaweza kukuelewa ukitaja namba?

---

Mtoto wa Pongwe:

Dada, usijaribu. Toa simu, fungua kikokotoo, mpe aandike, ukipunguza nawe uandike. Mimi nilijifanya najua. Nilikuwa nimekariri erti, ori, sami, otkhi, khuti mpaka kumi, nikaona nimeiva. Soko la Dezerter, Tbilisi, muuza kofia za sufu akasema "ormotsdaati". Nikadaka "ormotsi" tu, nikampa lari 40 nikageuka kwenda. Akanivuta mkono. Kumbe wanahesabu kwa ishirini-ishirini. Ormotsi ni ishirini mbili, 40. Ormotsdaati ni ishirini mbili na kumi, 50. Sitini ni ishirini tatu, 80 ni ishirini nne, na 90 ni ishirini nne na kumi. Mpaka nimalize hesabu ya kichwani, kofia imeshanunuliwa na Mchina.

Daktari, umejibu kila mtu, mimi bado. Neno la bibi.

---

Daktari Mtarajiwa:

Nisamehe kaka, nilikuwa na zamu. Ulivyoliandika lilinipoteza, nikadhani ni jina la chakula. Jana usiku natoka wodini, mama mmoja msafisha sakafu akanifunga zipu ya koti akiniambia nje kuna baridi, akalisema. Nikacheka peke yangu kwenye ngazi.

Ni genatsvale. Siyo "karibu chakula". Kila mtu hulitumia, muuza nyanya kwa mteja, mzee kwa kijana, kama sisi tunavyosema "mpenzi" au "mwanangu" bila kuwa na undugu. Ndiyo maana dereva alicheka, umempa nauli ukamwita mwanangu. Lakini ndani yake mna neno la kubadilisha, kushika nafasi ya mwingine. Ukilifungua sawasawa, anasema: niwe mimi badala yako. Baya lolote linalokujia, linikute mimi.

---

Mtoto wa Pongwe:

Nimemsomea mke wangu. Kaniambia nimpigie yule mjukuu sasa hivi, nimuulize bibi kama yupo karibu na simu.

Anapokea. Ngojeni.